Bi Subiri, Mtunza Siri za Halmashauri

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto, mwenye ugomvi ndani ya nyumba auahirishe kidogo. Leo namkumbuka mwanamke aliyetunza siri za watu kwa miaka thelathini na moja. Nitawasema pia watu walioshindwa kumtunzia siri yake moja kwa wiki moja. Hao nitawataja kwa vyeo vyao, maana ukiwavua vyeo hawabaki na kitu.

Tulimzika Alhamisi. Tulimwita Bi Subiri. Alikuwa opareta wa simu wa halmashauri ya mji, na alikuwa haoni tangu utotoni. Nasema tena kwa aliyechelewa kuwasha redio: opareta wa simu, haoni, miaka thelathini na moja kwenye kiti kimoja. Ulipopiga simu halmashauri ulisikia sauti yake: "Subiri nikuunganishe." Ndipo jina lilipotoka.

Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha. "Dirisha la nini?" alikuwa akiuliza. "Wekeni kabati." Wakaweka kabati. Namba za ndani za ofisi zote alikuwa nazo kichwani, na masikioni alikuwa na mambo yote ya wakubwa: nani kamdanganya mkewe, nani analia ofisini, nani kamwombea shemeji yake kazi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa yeye. Hakutoa hata tone. Binti yake, msusi, aliniambia: "Nilipokuwa mdogo nilimbembeleza anipe umbea wa ofisini hata mmoja. Alinijibu, masikio haya ni ya kazini, mdomo huu ni wa nyumbani, na havijuani."

Alistaafu. Kisha halmashauri ikaendelea. Mnajua halmashauri ikiendelea inakuwaje.

Walikuja na tovuti. Wakaipa jina Huduma kwa Wote, wakakata utepe, wakapiga picha. Maombi yote sasa yakawa ya mtandaoni, hata kadi ya kusafiri bure kwa mabasi ya mji, ambayo Bi Subiri aliihitaji kwenda hospitali. Na sheria ya mji ilikuwepo, wasikilizaji. Waliipitisha wao wenyewe kwa makofi. Ilisema mambo mawili tu. Tovuti isomeke na mtu asiyeona. Na habari za mtu zisianikwe bila ridhaa yake. Mawili tu! Mtoto wa darasa la tatu angeyakariri kabla ya mapumziko.

Bi Subiri alikuwa na simu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa, naye aliiweka iseme haraka kiasi kwamba sisi wengine tulisikia kama mahindi yanakaangwa. Akaifungua hiyo Huduma kwa Wote. Simu ikasema: "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe." Basi. Vitufe havikuwa na majina. Mwishoni ikamtaka athibitishe kuwa yeye si roboti, achague picha zote zenye taa za barabarani.

"Mwanangu," alimwambia binti yake, "baba yako nilikaa naye miaka ishirini sikuwahi kumwona sura. Hizo taa nitazionea wapi?"

Akalalamika. Hapo ndipo mabingwa wetu walipofanya jambo ambalo mtu mwenye akili timamu hawezi kulifanya hata akilipwa. Badala ya kutia majina kwenye vitufe, kazi ya siku moja, walianzisha rejesta. Ukitaka kusaidiwa, ujiandikishe kwanza: jina, namba ya simu, nyumba, ulemavu, na magonjwa yote uliyo nayo. Karani akamjazia fomu dirishani. Bi Subiri, mtu wa ukweli, akasema yote. Akasema na saratani.

Saratani hiyo aliijua yeye na daktari wake tu. Binti yake alikuwa na mimba ya miezi minane, baada ya mimba mbili kuharibika. Mama aliamua: mtoto azaliwe kwanza, kisha nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, nimemshika mkono. Hicho tu ndicho alichotaka, wasikilizaji. Kumwambia mwanawe mwenyewe.

Siku ya sita, rejesta ikawekwa kwenye tovuti, yote. Watu mia nne na kumi na wawili, na simu zao, na nyumba zao, na maradhi yao. Na angalieni ustadi wa wataalamu wetu: ukurasa huo pekee ndio uliosomeka vizuri katika tovuti nzima!

Binti alikuwa saluni anasuka. Mteja, simu mkononi, akamwambia, "Pole na saratani ya mama, nimeiona hapa." Binti akaondoka na kitana mkononi, kichwa cha mteja nusu, hadi nyumbani.

"Mama, ni kweli?"

Binti anasema mama yake alimjibu, "Nilitaka nikuambie mimi." Akalia. Hakuulilia ugonjwa. Aliyalilia maneno yake, ambayo watu wenye suti walimpora.

Kesho yake alikamata simu. Akampigia katibu muhtasi, akampigia mtu wa stoo, akampigia dereva, namba za ndani zote zilizokuwa kichwani, akidai rejesta iondolewe. Siku ya nne mkurugenzi wa mawasiliano akamwita. Binti alimsindikiza na tumbo lake, na yote haya nimeyapata kwake.

Mkurugenzi alianza na hotuba. "Uwazi ni nguzo ya utawala bora, mama yangu."

"Uwazi wa mlango wa ofisi yako, bwana mkubwa. Si wa bafu langu."

Akaongeza, huyu msomi, kwamba wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Bi Subiri akamjibu, "Nilimwambia daktari. Wewe ni daktari?"

Mkurugenzi akaacha hotuba. Maana huyu bwana, miaka tisa, simu zake zote zilipita chini ya ngazi. Akamtoa katibu muhtasi nje, akashusha sauti. "Bi Subiri, sisi ni watu wazima. Sema unachotaka, tuyamalize."

"Nataka ufumbe macho."

Akampa simu yake. Akamwambia, hebu omba hiyo kadi ya basi. Mkurugenzi akafumba. Simu ikasema: kitufe, kitufe, picha, kitufe. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, akaishia kwenye ramani ya makaburi. Na binti anaapa: dakika ya pili, mtu mzima, na mvi zake, alichungulia.

"Amechungulia," binti akasema.

"Najua," mama akasema. "Amebonyeza sawa."

Rejesta ikaondolewa kwenye tovuti alasiri ile ile. Vitufe akaahidi vitashughulikiwa. Kwenye ngazi binti akauliza, "Mama, unajua nini juu yake?" Akajibiwa, "Mambo ya kazini." Mimi, wasikilizaji, ningemwaga mtama kwenye kuku wengi, tena kwa kipaza sauti hiki hiki. Yeye hakuumwaga. Ndiyo maana yeye tunamkumbuka, na mimi natangaza tu.

Mjukuu alizaliwa salama, wa kike. Bi Subiri alimshika siku kumi na moja, akamjua uso wote kwa vidole. Kisha akaondoka.

Tunampa pole binti yake, na mjukuu, na wale mia nne na kumi na mmoja waliobaki na aibu ambayo si yao. Halmashauri siipi pole. Halmashauri imeshajipa yenyewe: Ijumaa waliweka salamu za rambirambi kwenye tovuti, pana, zenye maua na nembo. Binti alizifungua kwa simu ya mama yake, ikiwa bado na ile kasi yake.

Basi nawaombeni jambo moja. Kipindi kikiisha, fumba macho, fungua tovuti ya mji wako, na usichungulie. Ukisikia kitufe, kitufe, kitufe, jua kuna mtu amesimama nje ya mlango huo miaka yote, na ni jirani yako.

Ama zile rambirambi, simu ya Bi Subiri ilizisoma hivi, na binti akaniomba niwasomee nanyi, neno kwa neno:

"Picha. Haina maelezo."