Mzee Mihayo wa Winchi na Jumamosi za Stoo ya Taa

Leo, Jumamosi tarehe 30 Machi 1957, Mzee Mihayo Maige anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuendesha winchi ya shimo namba mbili hapa mgodini kwetu, Geita. Kamati ilitaka karani mkuu ndiye aandike wasifu huu. Karani ana darasa la nane lakini hana maneno. Mimi, Onesmo wa stoo ya taa, nina darasa la nne na maneno yananimwagika. Mmepata faida.

Alifika mwaka 1934 kwa miguu kutoka upande wa Nyahanga, na blanketi moja na sauti ya kuswagia ng'ombe. Kila asubuhi, kabla hajaigusa winchi, aliiamkia, "Mwangaluka!" Wazungu walidhani anaita mizimu. Yeye alisema kitu kinachobeba watu hakishikwi bila salamu. Na kengele za ishara kutoka shimoni alizijua. Kengele mbili ni mawe, kimbiza. Kengele tatu ni watu, teremsha kama unamlaza mtoto.

Lakini wasifu usiosema kweli ni tangazo la sabuni. Mzee alikuwa mlevi. Agosti 1951 aliingia zamu kichwa kinavuma, kengele tatu akazisikia mbili. Kizimba chenye watu tisa kikaporomoka mpaka kwenye maji ya chini. Hakufa mtu, ila mmoja wao, Marcel, alivunjika nyonga, na hadi leo anatembea kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Mfano huo ni wa Marcel mwenyewe, nisipigwe. Bwana mkubwa akamwambia Mzee: mara moja nyingine, winchi basi. Mzee hakuiogopa hiyo. Aliogopa kengele.

Akasikia kwamba kule misheni, mwendo wa saa nne kwa miguu, kuna Chama cha Walioacha Pombe, kinakutana kila Jumamosi alasiri. Akaenda. Mlangoni amesimama Gregory, mwalimu wa misheni na katibu wa chama, na daftari lake.

"Umeacha?"

"Naacha, mwalimu."

"Sikuuliza kama unaacha. Umeacha?"

"Bado."

"Basi rudi ukishaacha. Hiki ni chama cha walioacha."

Alikwenda Jumamosi tano, akasema bado mara tano, akafungiwa mlango mara tano. Mkewe, Mama Zipora, akachoka. "Baba Zipora, neno moja tu! Sema nimeacha, uingie!" Mzee akamjibu, "Nikiingia kwa uongo, watanifundisha nini humo ndani?" Sisi tulicheka mpaka tukakaa chini. Tukamwita Bwana Bado. Jina nililitunga mimi, na lilimganda. Lilikuwa jina zuri, naona aibu kulisema.

Valerian wa mashine ya kutoboa miamba naye alikwenda kule, mara moja. Akaambiwa vilevile, rudi ukishaacha. Njiani akapita kilabuni. Pombe ikammaliza. Tulimzika Aprili 1952, na Gregory akaja kuongoza sala, akasema marehemu alikuwa na moyo mgumu. Mzee Mihayo akanyanyua mkono pale pale kaburini: "Mwalimu, alibisha hodi." Watu wakamvuta shati anyamaze.

Jumamosi iliyofuata, zamu ilipotoka, alikaa juu ya kreti ndani ya stoo ya taa, mlango wazi. Hakuja mtu. Jumamosi ya pili akaja Paskazia, mpika pombe mwenyewe, aliyekuwa akionja kuliko alivyouza. Akauliza, "Hapa wanaandikisha walioacha?" Mzee akamjibu, "Hapa hatuandiki. Leo je?" Paskazia akafikiri. "Leo? Bado sijanywa." "Basi kaa." Na Mzee naye akasema, "Hata mimi, bado sijanywa." Neno lile lile tulilomchekea, kaligeuza kama ngozi mbichi juani, upande wa pili likafaa kukaliwa. Nilikuwapo, nasafisha taa, nilisikia kwa masikio haya.

Leo wanaokaa pale ni watu kumi na saba. Marcel yumo. Mimi nilianza kwa kwenda kuwacheka. Sasa ni mwezi wa saba bado sijanywa, na asiniulize mtu. Tangu 1952 winchi namba mbili haijamjeruhi hata panya. Gregory bado ana daftari lake. Majina ni manne.

Sasa nafika penye uchungu. Desturi ya hapa, kila mstaafu hupewa pipa la pombe ya mtama, na kibuyu cha kwanza anywe yeye mbele ya wote. Tulikwenda ofisini mara mbili kuomba liondolewe. Tukajibiwa, "Desturi ni desturi, na huyu si ameshaacha?" Miaka mitano watu wanakaa juu ya makreti, wenye ofisi hawajaelewa hata neno moja. Pipa liko nyuma ya jukwaa, limefunikwa turubai.

Mzee, tunajua kwenu kukikataa kibuyu cha mwenyeji ni tusi. Leo tusi hilo litoe. Kataa kwa ile sauti ya ng'ombe. Atakayenuna, mlete kwangu, nina maneno ya kumtosha. Asante kwa kila mtu uliyemteremsha na kumpandisha mzima. Wastaafu wengine hutakiwa heri ya mikono iliyojaa. Sisi, Mzee wetu, jukwaani leo na nyumbani miaka yote, tunakutakia mkono mtupu.