Kocha Aliyeandikwa Mtunza Vifaa

Ndugu, jamaa na marafiki mliotufuta machozi, karatasi iliyoletwa na chuo asubuhi hii ili isomwe hapa ninayo mkobani na itabaki humo humo, kwa kuwa inamtaja marehemu kuwa mtunza vifaa vya michezo, na mimi dada yake mkubwa, niliyembeba mgongoni, sikuja kumzika mtunza vifaa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1969, mtoto wa nne wa baba yetu fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akasoma shule ya msingi mwaka 1977 hadi 1983, akajiunga na chuo cha ufundi kusomea kuchomelea vyuma, na mwaka 1990 chuo hichohicho kikamwajiri kuwa mwalimu wa karakana. Tarehe 4 Juni 1994 alifunga ndoa na mkewe, muuguzi, ambaye mpaka leo hajui kuotea kwenye soka ni nini ingawa ameelezwa kila Jumapili, wakajaliwa mabinti wawili.

Timu ya chuo aliichukua mwaka 2012, enzi hizo ikifungwa hata na wapishi wa bweni, na kila baada ya mechi aliwakusanya vijana karakanani, kila mmoja akachora kwa chaki sakafuni mahali alipopoteza mpira, kisha akapafuta mwenyewe kwa tambara bila kumsingizia mwenzake. Msimu huu, kabla ya fainali, walicheza mechi kumi na nne, wakashinda kumi na mbili, wakatoka sare mbili, na hapo ndipo mkuu wa chuo, ambaye kwa miaka kumi na miwili hakuukanyaga uwanja ule ila akitafuta mahali pa kuegesha gari, alipokumbuka kwamba anapenda soka. Mchumia juani hulia kivulini, lakini mkuu huyu alitaka kivuli bila jua.

Siku tatu kabla ya fainali ya tarehe 18 Mei 2024 mkuu wa chuo alimteua shemeji yake kuwa kocha mkuu, bwana mwenye firimbi mpya na tumbo lililotangulia, naye akawapanga wachezaji kwa urefu, wafupi mbele, warefu nyuma, eti wapendeze kwenye picha, na marehemu, aliyegeuzwa mtunza vifaa kwenye orodha ya timu, akaambiwa akakae na watazamaji. Mpaka mapumziko tulikuwa tumefungwa mawili kwa bila, aibu tupu, ndipo nahodha akaikimbilia seng'enge kuuliza, "Mwalimu, tufanyeje?" na marehemu akamjibu, "Kila mtu arudi kwenye namba yake, huyo mwenye firimbi mwacheni apulize." Wakarudi, wakafunga matatu, na kombe akalibeba shemeji, ambaye kwenye picha analibusu kama mtoto wake wa kumzaa. Hata haya hana!

Mwezi Juni marehemu alianza kukohoa, moshi wa karakana ukiwa umeyala mapafu yake, akalazwa tarehe 2 Agosti, wodi ya wanaume, kitanda namba sita, ambapo wachezaji walipokezana kumuuguza, na mkuu wa chuo hakuonekana, labda alikosa maegesho. Siku moja akanishika mkono akasema, "Dada, medali wachukue, lakini wakiniandika mtunza vifaa, usikubali." Iliniuma sana, maana mdogo wangu hakuwa mtu wa kuomba kitu. Alifariki tarehe 11 Agosti 2024, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliofunga maturubai na kupika tangu juzi, na walimu wenzake wa karakana. Mkuu wa chuo na shemeji yake, ambao naona wamewahi viti vya mbele, tunawashukuru kwa shada la maua, ila utepe wake nimeukata, kwa sababu nao ulikuwa na cheo kilekile. Kibao cha kaburi wamekitengeneza wanafunzi wake jana kwa mikono yao, na juu ya jina lake wameandika KOCHA, herufi za chuma zilizochomelewa, na atakayetaka kuzibandua aje na msumeno, anikute.

Mdogo wangu, sikukubali. Pumzika kwa amani.