Mashine Inayogawa Camion

Kijiwe cha njia ya Mashamba ni ubao uliolazwa juu ya matairi mawili, na birika ya Feruzi inachemka pembeni. Jioni ile alikuwapo Feruzi mwenyewe, muuza kahawa wanayemwita Tata Moto. Stany, jina la kijiwe Kapitene, dereva wa lori, camion ya kumi na nne kule mgodini. Na Dady, yaani Licencié, mwenye diplôme ya gestion, usimamizi wa kazi, na suruali moja ya kuombea kazi. Simu ya Dady ikalia. Akaiweka haut-parleur, wote wasikie, ajivune kidogo. Sauti laini ya mwanamke asiye mtu, ile mashine ya mgodi inayogawa kazi, ikasema: «Monsieur Dady, vous êtes affecté au camion quatorze, demain matin. Pour accepter, tapez un.» Yaani kesho asubuhi amepewa camion ya kumi na nne; akikubali, abonyeze moja. Kisha ikanyamaza, lakini laini haikukatika, ikingoja jibu.

— Kumi na ine si ya Kapitene? Feruzi aliuliza.

— Njo yangu, Stany alisema. Na mi sikuomba congé ya kupumzika.

— Unagonjwa?

— Niangalie.

— Hata Kalala, dereva mwenzako, tulimuangalia. Mashine iliita mutu wa kumupokea ku camion, ye anakunywa kahawa papa hapa. Asubuhi bibi yake akamukuta amekufa, amekauka ku kitanda.

Stany alijikuna kidevu.

— Ni ile caméra ya mbele ya kiti. Inaangalia macho. Pengine iliona usingizi.

— Kiti yenyewe, Kapitene. Inakupima moyo kupitia matako.

Stany alicheka peke yake.

— Ao ni bale udongo ulibafunika kule ku shimo, ku carrière, Feruzi aliendelea, sauti chini. Beko mule ndani ya mashine. Njo benye kuiambia nani anakuya kwabo.

Dady akafyonza.

— Munanichokesha. Ile kitu mi niliisoma, na hakuna hata mwenye kunipa kazi ya kufagia bureau. Système expert ni mashine ya kupanga tu, haina bazimu ya benye kukufa. Batu, mafuta, camion, yote ni ressources, mali ya kazi, na inabadilika kila siku. Mashine inatafuta ni nini itakuwa pale kesho, inagawa. Chenye hakitakuwa, inakiruka. C'est tout, njo ile tu.

Maneno yalikwisha kutoka ndipo na yeye akayasikia.

— Donc, basi, kesho mi sitakuwa, Stany alisema.

— Sikusema vile, vieux.

— Umesema muzuri sana.

— Kataa, petit, Feruzi alisema. Ukikataa, itamurudishia Kapitene nafasi yake.

— Ao itaita mwingine. Benye kungoja kazi beko mulongo mpaka kule mbali Sandoa.

Dady alisema hivyo akimtazama Stany usoni, na huku chini, kwenye simu juu ya goti, kidole gumba kilikuwa kimeshabonyeza moja.

«Merci, monsieur Dady,» ikasema sauti. «Bon travail.»

Yaani kazi njema. Fidélie, bibi ya Stany, alikuwa anavuka barabara na beseni ya mboga za lengalenga kichwani, na hayo ya mwisho aliyasikia. Akatua beseni, akamshika Dady mkono kwa mikono yake miwili.

— Eh, Dady, bamekupa kazi? Mama yako atalala muzuri leo. Unaenda kupokea nani ku camion?

Feruzi akainamia birika. Stany akasogea kwenye ubao, akampisha bibi yake akae.