Gauni Lililosubiri Foleni

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi, mrekebishaji rangi mkuu wa kitengo chetu cha video anastaafu rasmi leo, Ijumaa, tarehe 30 Juni. Aliajiriwa kwa miezi mitatu tu, kumshikia nafasi mtu aliyekuwa likizo ya ugonjwa. Mgonjwa yule alipona, akahamia idara ya usafirishaji, na hakuna aliyekumbuka kumwambia mwenzetu aondoke.

Jina lake la kwenye barua za ofisi tulilisahau siku nyingi. Tunamwita Bwana Foleni, kwa sababu ya karatasi aliyoibandika ukutani juu ya mashine yake, ambayo sasa imegeuka njano. Inaeleza kwamba picha ya kanda ya zamani ikishaingia kwenye kompyuta, kwanza inaondolewa ile mistari inayofanana na meno ya kitana, pili inasafishwa chenga, yaani vile vidoti vinavyorukaruka juu ya picha, tatu inarekebishwa rangi, nne inabadilishwa ukubwa, na mwisho kabisa inanolewa ili kingo zake zionekane vizuri. Chini ameongeza kwa kalamu nyekundu: "Hakuna kuruka foleni, hata kama wewe ni mkurugenzi."

Wengi wetu tuliona huo ni ukaidi tu wa mzee. Vitufe vitano ni vitufe vitano, vikibadilishana zamu kuna ubaya gani? Mwandishi wa wasifu huu alilijaribu swali hilo mwaka wake wa kwanza kazini, siku Bwana Foleni alipokwenda msibani. Alianza kunoa, ndipo akasafisha. Kila chenga ikawa imenolewa barabara, na usafishaji uliofuata haukuiweza tena. Hotuba ya mkurugenzi ya ufunguzi wa jengo ikaenda hewani hivyo hivyo, na mwenyewe akauliza kwa upole kama mwaka ule aliwahi kuugua tetekuwanga. Bwana Foleni aliporudi aliifanya upya kazi yote. Kisha akamkabidhi mwandishi chupa ya gundi, akamwonyesha kona ya ile karatasi iliyokuwa imeanza kubanduka.

Chumba chake nacho kina sheria zake. Kuta ni za kijivu, pazia la kijivu, na mwenye nguo ya rangi kali haingii, kwa kuwa rangi hiyo huakisi kwenye kioo cha mashine na kulidanganya jicho. Nyuma ya mlango linaning'inia koti la kijivu la wageni. Mhasibu wetu, mpenzi wa mashati ya rangi ya chungwa, amelivaa mpaka likamzoea mwili. Mkurugenzi naye alilivaa, kwa kosa la tai nyekundu, na picha tunayo.

Mikononi mwake zimepita kanda elfu sita na ushei. Uongozi uliwahi kununua programu ya kuifanya kazi yote kwa kitufe kimoja, ikazinduliwa kwa keki na hotuba tatu. Kwa sekunde nne tu iliipa rangi fainali nzima ya mpira, na timu zote mbili zikajikuta zinacheza kwenye nyasi za zambarau. Picha ya uzinduzi bado ipo pale mapokezi. Kanda ya fainali ilirudishwa kimyakimya kwa Bwana Foleni.

Lakini foleni hiyo ilimuumiza mtu mmoja, naye ni mkewe. Ni mshonaji, na gauni lake la harusi alilishona mwenyewe, kwa kitambaa cha rangi ya maziwa alichokisaka madukani wiki mbili. Harusi ilirekodiwa na mpiga picha wa kitengo hikihiki, kama zawadi ya ofisi, naye kwa furaha ya siku hiyo akasahau kuionyesha kamera nyeupe ni ipi, ili isikosee rangi nyingine. Gauni likatoka bluu. Wifi yake, aliyekuwa mbali masomoni na harusi akaiona kwenye kanda tu, husema mpaka leo kwamba kaka yake alioa mwanafunzi aliyevaa sare. Gauni lenyewe liliharibiwa na mvua walipohama nyumba, kwa hiyo kanda ndiyo shahidi pekee aliyebaki.

Mama huyo aliileta hapa miaka ishirini na sita iliyopita. Mumewe aliipa namba, akaipanga nyuma ya kanda za shirika, maana mfanyakazi hawezi kujitanguliza. Kila mwaka za shirika ziliongezeka, na kila alipouliza aliambiwa ipo kwenye foleni. Tulicheka sana na jambo hilo. Mwezi uliopita alipita mapokezi akasema, kwa sauti yake ya kawaida, kwamba hatauliza tena. Siku hiyo hatukucheka.

Kwa hiyo Bwana Foleni, tuliiruka foleni. Tunakiri hapa kwa maandishi, maana leo huwezi tena kutupa onyo. Kanda ilikuwa imeanza kumomonyoka. Ilicheza mara moja, ikatuachia unga mweusi kwenye mashine, na haitacheza tena, lakini harusi yote imeingia kwenye kompyuta. Tumeondoa mistari, tumesafisha chenga, tukaishia hapo. Hatua ya tatu ni rangi, na hakuna kati yetu tuliopo sasa aliyeliona gauni lile kwa macho yake.

Tunakushukuru kwa kutufundisha kazi, na kwa gundi. Tunakuombea afya njema na siku nyingi za kukaa nyumbani bila karatasi ukutani. Ila kabla hujaondoka, ingia chumbani kwako mara moja. Mbele ya mashine tumeweka viti viwili. Mkeo ameshakaa, amevaa koti la kijivu, anakusubiri.