Mama Pambizo na Vipande Kumi na Tisa

Nilimwona marehemu kwa mara ya kwanza siku ya Alhamisi, tarehe 11 Februari 1999, saa nne asubuhi, katika chumba cha kujalidi vitabu kilicho chini ya ngazi za maktaba. Nilikuwa na gundi hadi kwenye viwiko. Aliingia bila kubisha, akaweka kitabu mezani, akasema, "Fundi, mtu kamchana huyu msichana."

Kilikuwa kitabu cha kwanza kati ya vile vitano vya hadithi ya msichana mlinzi wa kengele, ambavyo vijana walivigombania. Ukurasa wa 142, msichana anapomkatalia Kamanda, mkuu wake vitani, ulikuwa umechanwa katikati.

"Nitaubandika, dada," nilimjibu nikitazama sakafu.

"Ubandike, halafu usome, uniambie kama alistahili."

"Mimi nimeishia darasa la saba. Vitabu navishona tu, sivisomi."

"Basi anza na hiki. Hakitakukimbia."

Kilinichukua wiki tatu. Huyo ndiye mke wangu tunayemzika leo, Ijumaa, tarehe 7 Juni 2024.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1973, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba fundi cherehani na mama mkunga. Baba yake alitumia magazeti ya zamani kukatia vielelezo vya nguo, na binti huyu alijifunza kusoma chini ya meza ile ya kukatia. Hadithi zilimfikia zikiwa na umbo la kola au mkono wa shati, mwanzo upo, mwisho haupo. Dada yake mkubwa, aliyeketi hapa, anakumbuka alivyokuwa akimfuata baba yao na kumuuliza, "Baba, mwisho wa huyu mama umeupeleka kwenye suruali ya nani?"

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, na sekondari kuanzia 1988 hadi 1991. Siku moja mwalimu aliwauliza wanafunzi makosa ya bibi harusi aliyetoroka katika hadithi. Darasa zima likanyoosha mikono na kuyataja. Yeye akauliza makosa ya bwana harusi. Alisimamishwa nje vipindi viwili, na aliporudi ndani akauliza tena. Baada ya hapo alisomea ukutubi chuoni miaka miwili, akamaliza mwaka 1995, na tarehe 1 Julai 1996 akaanza kazi katika maktaba yetu, kwenye dawati la kuazimia.

Tulifunga ndoa Jumamosi, tarehe 16 Septemba 2000. Mimi si msemaji, mnanijua. Niliposa kwa kikaratasi nilichokiweka ndani ya kile kitabu nilichokibandika: "Nimekisoma. Msichana hana kosa. Naomba kuja kwenu." Alikirudisha kikiwa na jibu la penseli: "Njoo. Lakini Kamanda ana makosa mangapi? Uje na jibu." Mbele ya wakwe zangu nilijibu hilo kwanza, ndipo tukazungumza ya posa. Tulijaliwa binti na mtoto wa kiume. Mimi aliniita Fundi hadi mwisho.

Sasa nifike kwenye kazi yake. Jumatatu iliyopita jioni, Mwenyekiti wa kamati ya maktaba alikuja nyumbani kutupa pole. Akanivuta pembeni, karibu na tangi la maji, akaniambia, "Ndugu yangu, kwenye wasifu hayo ya kikao chake yaache. Andika tu kwamba alitumikia maktaba vizuri. Tusifukue." Nilimwitikia kwa kichwa, kama nilivyomwitikia siku zote. Kiti chake leo nimeomba kiwekwe safu ya mbele.

Mwezi Machi 2009 marehemu alianzisha Kikao cha Alhamisi. Wasichana kumi na wawili walikaa kwenye viti vya chumba cha watoto, magoti yakigusa kidevu, wakizungumza juu ya wasichana wa vitabuni wanaosemwa vibaya na kila msomaji. Aliyesemwa kuliko wote alikuwa mlinzi wa kengele. Eti analialia. Eti ana tamaa, anapendwa na wavulana wawili. Eti msaliti, aliacha vita kwenda kumtoa mdogo wake kwenye moto. Marehemu aliwaambia mabinti, "Msinijibu kwa hasira. Nijibuni kwa ukurasa." Wakahesabu. Katika vitabu vyote vitano msichana alilia mara sita, Kamanda mara kumi na moja. Kamanda aliacha vita mara mbili kwa sababu ya kununa, na watu wanamwita mtu wa hisia za kina.

Wakati huo mtu alikuwa akiandika matusi kwenye pambizo za vitabu hivyo kwa wino wa zambarau. Marehemu alidhani ni kijana. Hakutaka kumchongea, akawa anamjibu kwa penseli, chini ya maneno yake, kama anavyojibu mama. Hapo ndipo wasichana walipompa jina la Mama Pambizo. Nayasoma machache kama yalivyo.

Wino: "Analia tena! Mwanamke wa bure." Penseli: "Hii ni mara ya pili. Kamanda alishalia mara tatu kabla ya hapa, uk. 31, 60 na 77. Mbona huko kalamu yako ilikauka?"

Wino: "Anawataka wote wawili." Penseli: "Wao ndio waliomfuata. Mwanangu, rudi uk. 54, usome polepole."

Wino: "Msaliti!" Penseli: "Mwanangu, ungekuwa wewe ndiwe uliye kwenye moto ungemwita nani?"

Tarehe 23 Septemba 2016 kamati ilimwita. Mwenyekiti aliweka vitabu vitatu mezani na kumuuliza kama penseli ile ni yake. Marehemu akasema, "Ni yangu. Na wino ni wa nani?" Mwenyekiti akajibu, "Hilo haliko kwenye ajenda." Kikao cha Alhamisi kikafungwa. Marehemu akahamishiwa stoo, na barua iliyowekwa kwenye faili lake ikamwita mharibifu wa vitabu. Alifanya kazi stoo miaka sita akiwa na jina hilo.

Mimi niliagizwa kuvikata pambizo vitabu vyote vilivyoandikwa, ili wino na penseli viondoke pamoja. Vilikuwa kumi na tisa. Kila kitabu kinachoshuka chumbani kwangu huja na kikaratasi cha maagizo alichokiandika Mwenyekiti kwa mkono wake, kwa kalamu yake ya wino wa zambarau, na herufi zake za K zina mkia unaorudi nyuma kama ndoana. Kila kitabu kipya pia huanzia nyumbani kwake wiki moja, kukaguliwa. Nilikuwa nimeshika kikaratasi mkono mmoja na kitabu mkono mwingine, nikaona mikia ileile. Nikajua. Na nikakata. Niliogopa kazi, nikaogopa mtu, nikamwacha mke wangu abebe jina la mwingine. Ila vile vipande vyenye maandishi, kimoja kutoka kila kitabu, sikuvitupa. Nilivifunga kwa uzi, nikaviweka kwenye kopo la gundi tupu, pamoja na vikaratasi vya maagizo.

Figo zake zilianza kusumbua Novemba 2022, akaacha kazi mwezi uliofuata. Muuguzi aliyemhudumia wodini alikuwa mmoja wa wale wasichana kumi na wawili. Jumapili iliyopita, saa kumi na moja jioni, nilimpelekea lile kopo na kumweleza yote. Aligeuzia uso dirishani. Alinikasirikia, na ilikuwa haki yake. Kisha akacheka hadi muuguzi akaja mbio. "Kumbe yule mwanangu alikuwa Mwenyekiti!" Alifariki asubuhi iliyofuata, tarehe 3 Juni, saa mbili na robo.

Kwenye ubao pale mlangoni, karibu na picha yake, wasichana wake wamebandika vipande vyote kumi na tisa, na chini ya kila kimoja kikaratasi cha maagizo. Mkitoka linganisheni herufi za K. Mharibifu wa vitabu mtamjua wenyewe. Ratiba hii mliyoishika mikononi nimeishona mimi, na pambizo zake nimeziacha pana kwa makusudi. Penseli zinagawiwa. Mwenyekiti naye apewe moja, aandike apendavyo, atajibiwa kwa ukurasa.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, dada wawili, kaka mmoja, na wasichana kumi na wawili ambao Alhamisi ijayo, saa tisa alasiri, wanarudi kwenye vile viti vidogo, kikao kifunguliwe kisifunguliwe. Yeye apumzike kwa amani. Aliyemwonea asipumzike kwanza.

Jumapili ile, kengele ya kumaliza muda wa wageni ilipolia, nilimuuliza niseme nini siku ikifika, na nini niache. Alinishika kidole chenye kovu la kisu cha kukatia karatasi, akaniambia, "Fundi, safari hii usikate."