Kona ya Honorine: Risala ya Wapiga Picha wa Jumamosi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Ratsarahoby, Mkurugenzi wa Ofisi ya Mandhari ya Mji;
Waheshimiwa majaji wa shindano la "Mji Wetu Safi";
Wazee wetu, wakazi wenzetu wa Ambatomena, na ninyi mliokuja kwa sababu mlisikia kutakuwa na chai:

Kabla ya yote tunaomba radhi. Wapo hapa waliotutangulia kuzaliwa, na wapo wenye sauti nzuri kuliko ya katibu wetu anayesoma. Tunaomba watusamehe kwa kusimama mbele yao. Tukikosea neno, lihesabiwe kuwa ni baridi ya Julai iliyotukaza midomo, si utovu wa adabu.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu Ambatomena. Tunajua unaufahamu mji huu, kwa kuwa ofisi yako iko hatua chache kutoka hapa, lakini ni mara ya kwanza kukuona ukiutembea kwa miguu. Tangu uteremke garini tumekwisha kukupiga picha nyingi. Usitishike. Kwetu hiyo ndiyo salamu. Kama kuna uliyotoka umefumba macho, tutaisifia vilevile, kwa sababu ndivyo kanuni yetu inavyotutaka.

HISTORIA YA KIKUNDI

Kikundi chetu kilizaliwa siku studio ya Bwana Edmond ilipokufa. Kwa miaka mingi ndiye aliyetupiga picha za harusi, za ubatizo na za vitambulisho. Simu zilipoingia, wateja wakaisha. Siku moja alisimama mlangoni pake akawaambia wapita njia: "Nyie ndio mlioniua. Basi njooni Jumamosi mnizike, na kila mmoja aje na simu yake."

Tukaenda. Akatundika shuka jeupe ukutani, akawasha mashine yake ya kuonyeshea picha, tukaanza kutazamana maisha. Shati kwenye kamba. Mzee amelala kanisani. Sufuria ya maji ya ukoko wa wali, kinywaji chetu, mezani. Bwana Edmond akaweka kanuni moja tu: ukiona picha ya mwenzio, sema kitu kimoja ulichokipenda, kisha nyamaza.

Kanuni hiyo, mgeni rasmi, imetudumishia amani na imezuia maendeleo yote. Bwana Edmond mwenyewe hutuletea paka wake kila wiki, na kila wiki tunasema, "Mwanga mzuri!" Mweka hazina wetu, Bwana Fenosoa, ana kamera yenye mdomo mrefu kama bunduki, hatujawahi kuona picha yake hata moja, lakini tunasifia mkanda.

Katikati yetu alikuwapo Mwalimu Hanitra. Wengi wenu aliwafundisha hesabu, na baadhi yenu bado mnamwogopa. Alipostaafu, mwanawe aliye ng'ambo alimtumia simu, ikafika imepasuka kioo. Mwalimu hakuibadilisha. Alikuja wiki nyingi, akakaa nyuma, akawasifu wengine kwa neno mojamoja kama anayetoa alama.

Kisha Jumamosi moja akaleta ya kwake. Ilikuwa alfajiri, pale kona ya barabara ya stesheni. Mama mmoja ameinamia jiko la mkaa, lamba, lile shuka la kujitanda, imemzunguka mabega, mkono wake unageuza vitumbua vya mchele kwenye kikaango cha chuma. Mvuke umepanda mpaka kwenye ukingo wa kofia yake ya ukindu. Mbele yake watoto wa shule wamejikunyata, mikono imeingia ndani ya mikono ya sweta, macho yote kwenye kikaango. Mama yule alikuwa Honorine, jirani na shoga wa Mwalimu. Mwalimu alinywa kahawa kwake kila asubuhi kabla ya kwenda popote.

Hakuna aliyesema "mwanga mzuri." Bwana Edmond alijifuta macho akasema ni moshi, na sisi sote tulikuwa ndani ya nyumba, na moshi ulikuwa kwenye picha.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mafanikio yetu makubwa yametokana na ofisi yako, nayo hayakutarajiwa.

Mwenzetu Naivo, anayevuta gari la abiria kwa mikono, alipiga picha ya dimbwi lililokuwa mbele ya soko. Mawingu yote ya Ambatomena yalikuwa mle ndani, pamoja na mnara wa kanisa, kichwa chini. Tukaiweka kwenye ukurasa wa mji mtandaoni. Haikupita wiki, lori la ofisi yako likaja likamwaga kifusi juu ya dimbwi, wafanyakazi wakapiga picha wakiwa juu ya kifusi, wakaondoka. Naivo alisimama pale na kofia mkononi.

"Shimo limezibwa, mbona huna furaha?" tulimuuliza.

"Mashimo yako mengi tu," akasema. "Hilo ndilo lilikuwa na mawingu."

Habari zikaenea kwamba kikundi chetu kinaziba mashimo. Watu wakaanza kutujia. Mzee mmoja alitaka tumpigie picha daraja lake. Mama mmoja alituletea kuku mzima ili tuipige picha milango ya vyoo vya soko, ambayo ilikuwa imeng'oka. Kuku tukamla, picha tukapiga. Ofisi yako ikashughulika upesi sana: vyoo vikafungwa.

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa kwamba ofisi yako, mgeni rasmi, inatazama picha zetu kwa makini kuliko sisi wenyewe.

CHANGAMOTO

Picha ya Mwalimu nayo tuliiweka mtandaoni. Ilipendwa mno. Watu walio mbali na kwao waliandika kwamba wamesikia harufu.

Jumatatu yake, vijana watatu wa ofisi yako, wenye makoti ya kijani, walifika pale kona. Mmoja alikuwa ameshika simu, anaigeuza kulia, anaigeuza kushoto, analinganisha.

"Ndiyo yenyewe," akawaambia wenzake. "Hata moshi ni uleule."

Honorine aliinua uso, akawapokea kama wateja. "Vingapi, wanangu?"

"Vyote," akajibu yule kijana. "Na kikaango."

Wakamwaga maji kwenye jiko, wakachukua kikaango. Watoto wa shule wakarudi nyuma hatua moja, wakasimama, kwa sababu walishazoea kusubiri na hawakujua wafanye nini kingine. Mwalimu Hanitra alitokea wakati huohuo na kikombe chake cha bati. Kijana wa simu akamtambua kwa jina lililokuwa chini ya picha, akamwinamia kwa heshima zote.

"Asante sana, Mwalimu. Bila picha yako tusingejua kuna uchafu huu hapa."

Alisema kwa sauti ya kutosha barabara nzima.

Honorine alimtazama Mwalimu.

"Dada," Honorine akasema, "wewe umenipiga picha, wao wamenipiga teke. Sasa wewe mtu wa hesabu, nipigie hesabu: nani amepiga kwa nguvu zaidi?"

Akajifunga lamba yake, akaenda zake. Hakumsemesha tena.

Mwalimu alikuja ofisini kwako, mgeni rasmi. Pengine hukupata kuambiwa. Alikaa kwenye benchi asubuhi nzima, kisha akaitwa na ofisa mmoja mwenye tai.

"Kwa nini mmemwondoa?" Mwalimu akauliza. "Wauza vitumbua wako kila kona."

"Hao wengine hatujawaona, mama."

"Mnapita mbele yao kila siku!"

"Kupita si kuona. Picha yako ni nzuri sana, mama, na hilo ndilo tatizo. Ingekuwa mbaya, tusingeitazama mara ya pili."

Mwalimu alirudi nyumbani, akaizima simu, akaitia kabatini chini ya mashuka. Jumamosi hakuja. Tulimfuata. Alitukaribisha wali na mboga, akatusikiliza, akasema, "Mimi nilidhani nikipenda kitu inatosha kukionyesha. Sikujua kwamba kuna watu wakionyeshwa kitu wanatafuta ufagio." Tukausifu wali, kwa maana kanuni yetu haina fungu la hali kama ile.

Tulimkosa kwa majuma. Alichokuwa akifanya tulikisikia kwa majirani: aliamka saa ileile, akaenda kona ileile, akasimama bila kahawa. Na asubuhi moja alikwenda na simu. Akapiga picha ya kona tupu. Kwenye lami pana duara jeusi lililochomwa na mkaa kwa miaka. Mtoto mmoja wa shule anapita, ameshapita kabisa, lakini shingo yake imegeuka kutazama pale.

Lilipotangazwa shindano lenu la "Mji Wetu Safi," Mwalimu aliipeleka mwenyewe. Sehemu ya jina la picha akaandika neno moja: Honorine.

Majaji, tunawashukuru. Mlimpa ushindi wa kwanza. Mlisifu usafi wa barabara, mkasifu nafasi na utulivu, mkaandika kwamba mtoto anageuka kwa kustaajabia mazingira yaliyotunzwa. Tulisoma maneno hayo kwa sauti pale kwenye shuka la Bwana Edmond. Naivo alitoka nje.

Kisha ofisi yako ikapiga simu kuuliza Honorine ni nani. Simu ilipokewa na mwenyekiti wetu, Bwana Edmond, ambaye sikio lake la kulia halisikii na la kushoto linachagua.

"Ni mama aliyewalisha watoto wa mji huu miaka mingi," Bwana Edmond akasema. "Sasa hayupo tena."

"Oh, poleni sana. Alikuwa na mume?"

"Hapana, hakuwahi kuolewa."

"Aha! Mtawa!" wakasema, simu ikakatika.

Mgeni rasmi, tulifikiri mambo yameishia hapo. Lakini wiki iliyopita tuliletewa ratiba ya leo, na humo imechapishwa kwamba baada ya risala hii utakwenda kuzindua kibao kipya cha "Kona ya Honorine," na kwamba utaeleza kwa ufupi maisha ya hayati Mtawa Honorine, aliyewafundisha wakazi wa Ambatomena usafi.

Mweka hazina alitaka tunyamaze. Alisema kibao ni kibao. Wengine walitaka tuandike barua. Tulipokuwa tunabishana, Honorine mwenyewe alikuwa ameshaipata ratiba sokoni, imefungiwa karanga. Jioni hiyohiyo alibisha hodi kwa Mwalimu. Mwalimu alifungua mlango, naye Honorine akamwonyesha ile karatasi.

"Dada," akasema, "sisi kwetu wafu tunawafukua, tunawavisha nguo mpya, tunacheza nao ngoma. Mimi wamenizika mzimamzima, hata shuka hawakunipa!"

Mwalimu akaanza kuomba msamaha. Honorine akamkatiza.

"Nyamaza. Mara ya kwanza walikuja na ndoo ya maji, mara ya pili wanakuja na pazia na hotuba. Umenipandisha cheo. Mtawa! Na mabwana wale wote niliowakataa, kumbe ilikuwa wito?"

Walicheka mpaka majirani wakafungua madirisha. Tangu jioni ile Honorine anapika kwenye jiko la Mwalimu, kwa kikaango cha kuazima, na anauza kwa kupitishia dirishani. Ana sharti moja, nalo analisema kila alfajiri: "Simu iache chumbani."

MAOMBI

Mgeni rasmi, maombi yetu si mazito. Hatuombi jengo, hatuombi kamera. Tunaomba kikaango. Bwana Fenosoa alikiona alipoileta barua ya mwaliko: kiko mezani pale mapokezi ya ofisi yako, na kila kishimo kimepewa kazi, hiki pini, hiki vibanio vya karatasi, hiki raba. Kinapendeza. Tunasema kwanza tulichokipenda, kama kanuni inavyodai: kimepanguswa vizuri. Lakini ni chuma cha mama yake Honorine, na kile cha kuazima kinaunguza upande mmoja.

Tunaomba pia, ofisi yako itazame picha zetu kama tunavyozitazama sisi. Tukipiga jiko, si mashtaka. Tukipiga dimbwi, si malalamiko, ingawa malalamiko tunayo na tunaweza kuyaleta siku nyingine kwa mdomo. Na kama mnataka sana kujiunga, karibuni Jumamosi. Masharti ni yaleyale: neno moja la sifa, kisha kimya.

Zawadi ya ushindi Mwalimu Hanitra hataipokea. Anashukuru, na anasema katika hesabu zake jibu hilo si sahihi, mkarudie swali.

Kuhusu kibao, tulidhani tutakuomba ukisitishe. Ila tuliona vema tumuulize mwenye jina. Honorine yuko hapa, mgeni rasmi, safu ya tatu, yule mwenye kofia ya ukindu, na unaweza kuona kwamba hajafa, anakupungia mkono. Ametutuma tukuambie hivi, kwa maneno yake: "Kibao wasikiguse, kizuri. Neno 'hayati' walifute. Halafu chini yake waandike: saa kumi na mbili asubuhi, mpaka vitakapokwisha."

Mgeni rasmi, Mungu akupe afya, wewe na nyumba yako. Akupe macho mazuri na akili ya kuyatumia polepole. Wazee waliotuvumilia awazidishie siku, na wote walioinama kwenye baridi hii ili wengine wale, awape mahali pa kuinamia.

Ni sisi, wanaokupenda na wanaokutazama,
WAPIGA PICHA WA JUMAMOSI,
Ambatomena.