Kibao cha Mdomo wa Msumeno: Safari ya Kaka Yetu, Fundi Unywele

Jina lake kamili mnaliona kwenye jalada la ratiba ya mazishi, lakini wengi mliofika hapa mlimjua kama Fundi Unywele. Ubao ukiwa mrefu au umepinda kwa kiasi ambacho macho ya mtu mwingine hayaoni, yeye aliupapasa kwa kidole gumba na kusema, "Bado unywele." Kichwani mwake mwenyewe hakukuwa na hata mmoja tangu ana miaka thelathini, na hakupenda kukumbushwa. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na mdogo wake. Ni agizo la marehemu, na kama si agizo mdogo wake asingethubutu kusimama hapa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Baba alikuwa mlinzi wa bohari, mama fundi cherehani. Baba alifariki mwaka 1963, marehemu akiwa na miaka kumi na miwili na mdogo wake mitano. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyemfunga mdogo wake vifungo vya shati kila asubuhi na kumvusha barabara kwenda shule. Alimshika mkono wa kushoto, na alimbana hasa, mpaka vidole vikafa ganzi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, kisha chuo cha ufundi kuanzia 1966 hadi 1968. Huko chuoni alitengeneza kigoda ambacho mwalimu alikisifu mbele ya darasa zima. Kesho yake kigoda kilikutwa kimefumuliwa, vipande vimepangwa chini. Alikifumua mwenyewe, kwa kuwa mguu mmoja haukumridhisha. Mwalimu aliuliza kama ana akili timamu, na swali hilo liliulizwa tena na watu wengi katika miaka hamsini iliyofuata.

Mwaka 1969 aliajiriwa kwenye kiwanda cha samani. Mwaka 1979 alifungua karakana yake nyuma ya kiwanda cha mikate, kwenye kile chumba kirefu chenye madirisha juu, ambamo harufu ya mkate na ya mbao mbichi zilikuwa hazitengani. Mwaka uliofuata alimchukua mdogo wake wakawa wanafanya kazi pamoja, mmoja akisukuma ubao, mwingine akiupokea upande wa pili wa msumeno wa meza.

Alifunga ndoa tarehe 5 Agosti 1978, akiwa bado kiwandani, na mwalimu wa shule ya msingi aliyeleta benchi la darasa litengenezwe mguu. Kazi ya siku moja ilichukua wiki tatu. Kila alipokuja kuulizia aliambiwa, "Mwalimu, bado unywele." Siku ya mwisho akamjibu, "Fundi, huo unywele wako utaniletea mvi." Mvi amezipata, na mabenchi pia. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti wawili na kijana mmoja.

Sasa yafuata yale ambayo marehemu aliagiza yasomwe.

Msumeno wa meza huchomoza kupitia tundu katikati ya meza. Tundu hilo, ambalo mafundi huliita mdomo, huzibwa na kibao chembamba chenye ufa wa kupitisha meno, na ufa huo hautakiwi kuzidi unene wa msumeno. Mwezi Mei 1996 marehemu aliupanua ufa wa kibao chake ili akate mbao kimshazari kwa kuulaza msumeno. Kazi ile ikaisha. Kibao kilipaswa kubadilishwa, na kila siku alisema, "Kesho nitachonga kingine." Huyu ndiye mtu aliyefumua kigoda kizima kwa ajili ya mguu mmoja.

Jumanne, tarehe 11 Juni 1996, mdogo wake alikuwa anachana fito nyembamba. Fito moja ilizama kwenye ule ufa, ikanaswa na meno, ikarushwa nyuma na kuuvuta mkono wake wa kushoto. Vidole viwili vilibaki pale.

Watu walipouliza, marehemu alisema, "Alikuwa na haraka. Haraka haraka haina baraka, nimemwambia mara ngapi?" Alisema hivyo hospitalini, akasema kwa majirani, akasema kwa wateja. Mdogo wake alisikia na hakujibu, kwani aliyekuwa akisema ni kaka yake, na ndiye aliyemlea. Mama peke yake ndiye aliyemtazama marehemu usoni na kumwambia, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Kisha akarudi kwenye cherehani yake.

Ukuta ukajengwa kweli. Mdogo wake aliacha useremala, akaenda kuuza rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na huko nako aliitwa yule aliyejikata kwa pupa. Ndugu hawa waliendelea kusalimiana, kualikana chakula nyumbani na kuzikana. Karakana tu ndiyo haikutajwa.

Mwaka uleule marehemu alianza kutengeneza kalibu ya kuchongea vibao hivyo. Ilimchukua miezi minne na majaribio kumi na moja. Aliunda fremu ya mbao ngumu yenye kingo mbili zinazosogea, zikafungwa kwa bolti, ili ipimwe kwenye mdomo wa msumeno wowote, maana misumeno haifanani midomo. Ubao mwembamba ulilazwa juu ya fremu na kuchongwa kwa kufuata kingo zake. Kisha kibao kikawekwa mezani bila ufa wowote, kikagandamizwa kwa boriti, na msumeno ukapandishwa polepole kutoka chini mpaka ujikatie njia yake wenyewe. Hivyo haukubaki upenyo hata wa unywele. Karakana yoyote aliyoisikia ina msumeno wa meza aliiendea na kalibu yake kwapani, akawachongea kibao bure. Alipoulizwa kwa nini, alisema hana kazi nyingine. Mafundi wengi mliokaa hapa mna vidole kumi. Tafadhali vitazameni.

Kikohozi kilimwanza mwaka 2015. Daktari alisema ni vumbi la mbao lililokaa kifuani miaka mingi. Alilazwa tarehe 16 Januari 2019. Jumatatu, tarehe 4 Februari, alimwita mdogo wake.

"Kibao kile nilikipanua mimi," alisema. "Haraka hukuwa nayo. Nimekusingizia miaka ishirini na miwili."

"Kaka, hayo yamepita."

"Hayajapita. Utayaandika kwenye wasifu wangu, na utasoma wewe."

"Mimi siwezi."

Mke wa marehemu, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Shemeji, ameomba. Muitikie."

Akaitikia. Marehemu akaomba jambo la pili: mdogo wake aende karakana, achukue ile kalibu, achonge kibao kimoja kwa mkono wake.

Jumatano alikwenda. Alisimama mbele ya msumeno kwa muda mrefu kabla ya kuugusa, huku binti mkubwa wa marehemu akijifanya anafagia. Jioni alikipeleka kibao hospitalini. Marehemu alikizungushia kidole gumba pande zote, taratibu, akafika kwenye pembe moja akasita. "Bado unywele," akasema. "Kipige msasa, uniletee." Kwa mara ya kwanza baada ya miaka hiyo yote, walicheka pamoja kuhusu mbao.

Alhamisi, tarehe 7 Februari 2019, saa moja na dakika ishirini asubuhi, marehemu alifariki. Simu ya shemeji yake ilimkuta mdogo wake karakana, ameshika msasa.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, karakana iliyo mikononi mwa binti yake mkubwa, na mdogo mmoja.

Agizo limetimizwa, lakini mdogo wake ana neno lake, ambalo marehemu hakulisikia. Asubuhi ya ile Jumanne ya mwaka 1996, kabla ya ajali, yeye pia aliuona ule ufa. Aliuona, akajua ni hatari, akanyamaza, kwa kuwa fundi mkubwa hakumbushwi kazi na mdogo wake. Jumatano jioni neno hilo lilimfika mdomoni, akamtazama kaka yake alivyochoka, akasema moyoni: nitamwambia kesho, nikileta kibao.

Kibao kimekamilika, kaka. Kimekaa mezani bila kucheza.

Pumzika kwa amani.